Mandhari na Ukubwa wa Mtu: Picha ya Rubens na Miembe ya Tabora

Neno mandhari asili yake ni Kiarabu, katika kitenzi chenye maana ya kutazama. Basi mandhari si nchi yenyewe, bali ni nchi iliyotazamwa. Na kila atazamaye ana mahali aliposimama. Wachoraji wa Ulaya wa karne ya 17, wa mtindo uitwao baroko, walilijua jambo hili vyema. Rubens alilinunua shamba la Het Steen mwaka 1635, na pamoja nalo akapata cheo cha ubwana wa mahali. Haukupita muda akalichora. Katika picha hiyo, iliyoko London, jumba lasimama kushoto miongoni mwa miti, gari la farasi laenda na mkulima, na mashamba yaendelea hadi upeo wa macho, kana kwamba yote ni ya mwenye jumba.

Tabora hapakuwa na Rubens, lakini mandhari ya namna hiyo yalitengenezwa juu ya ardhi yenyewe. Waarabu wa Kazeh, waliowapokea Burton na Speke mwaka 1857, walijenga matembe wakapanda miembe. Mwembe hauzai kwa mwaka wala miwili: aupandaye atangaza kuwa hakusudii kuondoka. Lakini nchi ilikuwa ya mtemi. Mnywa Sere alipowadai wafanya biashara ushuru walikataa, wakamwondoa, wakamtawaza Mkasiwa. Yaani wageni walikwisha kuitazama nchi kwa jicho la mwenyeji.

Alama ya watemi ilikuwa ikulu, neno lililotoka huku bara likapanda cheo hata likawa jina la makao ya Rais. Isike alijenga ngome. Wajerumani walipoivunja Januari 1893 aliiwashia moto baruti yake mwenyewe asishikwe.

Mkulima wa Rubens, ijapokuwa ni mdogo, amechorwa. Mpagazi aliyepita chini ya miembe na pembe begani, na mtumwa aliyeichimbia mashimo, hawamo katika picha yoyote ya kujivunia. Hata tembe la Kwihara, alimokaa Livingstone miezi kadhaa mwaka 1872, lilipofanywa makumbusho lilipewa jina la mgeni, si la mwenyewe wala la waliokanyaga udongo wake.