Mchezo Usioandikwa

Katika mji wa Chicago, nchini Marekani, kuna madarasa ambamo watu wazima hufundishwa kuigiza pasipo kupewa maneno ya kukariri. Wengi huja jioni baada ya kazi, nao huingia kwa hofu, kwani ni aibu kubwa kwa mtu mzima kusimama mbele ya wenziwe akiwa hana la kusema.

Mafunzo hayo yalizaliwa na shida. Viola Spolin, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1906, alifunzwa kazi ya michezo na Neva Boyd katika Hull House, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1889 kuwasaidia maskini na wageni waliohamia kutoka ng'ambo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Spolin alisimamia maigizo katika mpango wa serikali wa kuwapatia watu kazi. Wanafunzi wake hawakuwa na lugha moja wala desturi moja, na maelezo marefu hayakuwafaa. Basi akawatungia michezo.

Mmojawapo ni mchezo wa kioo. Wawili husimama wakitazamana. Mmoja huinua mkono, na mwenziwe humwiga kama sura iliyo kiooni. Mwalimu akisema, "Badilisheni!" aliyekuwa akifuata sasa huongoza. Hatimaye haijulikani ni nani aongozaye. Mtu anayemwangalia mwenziwe kwa bidii namna hiyo husahau kujiangalia mwenyewe, na hofu humtoka.

Kisha mwanafunzi hujifunza kupokea. Mwenziwe akimwambia, "Daktari, tafadhali mtazame mtoto wangu, ana homa," asijibu, "Mimi si daktari," maana mchezo utakufa papo hapo. Yampasa ajibu kama daktari, tena aongeze neno lake ili mwenziwe naye apate la kujibu.

Mwaka 1959 Paul Sills, mwana wa Spolin, pamoja na wenzake walianzisha ukumbi wa The Second City mjini humo. Mwaka 1963 Spolin alitoa kitabu cha michezo yake. Alifariki mwaka 1994, lakini madarasa hayakufa pamoja naye.

Si kila aingiaye darasani hutoka mwigizaji. Hata hivyo, mtu aliyezoea kusikiliza kabla ya kujibu hufaa barazani, kazini na nyumbani kwake. Naye anayeogopa kuanza na akumbuke kwamba kujikwaa si kuanguka.