Mguu wa mbwa ukivunjika: Uliza kwanza mkono wa daktari

MBWA wa ulinzi anapogongwa na pikipiki mitaa ya Kirumba, jijini Mwanza, mwenye mbwa kwa kawaida huona njia mbili tu. Amfunge vijiti na kungoja bahati, au amuue. Kwa mbuzi ipo ya tatu, nayo ni kisu.

Mfanyabiashara wa dagaa anayelaza magunia yake ghalani karibu na Mwaloni hafugi mbwa kwa urembo. Huyo ni mlinzi asiyedai mshahara, na kumzoesha mwingine ghala, wenyeji na wachukuzi wa kila siku huchukua miezi. Vivyo hivyo kwa mfugaji wa pembezoni mwa jiji mwenye dume la mbegu: thamani yake haipo kwenye kilo za nyama.

Mfupa uliovunjika huungwa. Swali la kibiashara ni nani anauunga, na kwa njia gani.

Mivunjiko haifanani. Mfupa wa chini ya goti au chini ya kiwiko, ikiwa haukutoboa ngozi, mara nyingi hupona kwa P.O.P. Kanuni yake ni kwamba kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika vyote viwili visitikisike. Hapo ndipo mfupa wa paja unapokuwa mgumu, kwa kuwa kiungo chake cha juu ni nyonga, nayo haifungiki kwa P.O.P ya kawaida. Plasta ikianzia katikati ya paja, uzito wake huning'inia chini ya mvunjiko na kuuyumbisha kama ulimi wa kengele. Mteja amelipa, na mnyama ameumia zaidi. Mfupa wa juu wa mguu wa mbele nao una shida hiyo hiyo.

Mivunjiko ya namna hiyo huhitaji upasuaji. Daktari hupitisha chuma ndani ya uwazi wa mfupa, au hufunga bamba kwa skrubu, au hutumia vyuma vya nje vinavyopita kwenye ngozi na kushikwa na fito, vile ambavyo mitaani huitwa antena.

Kazi hii haijifunzwi kitabuni ikaisha. Shahada ya udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, huchukua miaka mitano, na ndani yake kuna ng'ombe, kuku, nguruwe, magonjwa ya mlipuko na ukaguzi wa nyama. Katika orodha ndefu kiasi hicho, mfupa wa mbwa hauwezi kupata nafasi kubwa. Mafunzo ya vitendo baada ya shahada ndiyo yanayoziba pengo hilo.

Waswisi waliliona hilo zamani kwa upande wa binadamu. Mwaka 1958 madaktari wa upasuaji wa nchi hiyo waliunda kikundi kinachojulikana kama AO, na mwaka 1960 wakaanza kozi katika mji wa Davos, ambako madaktari walitoboa na kufunga mifupa kwa mikono yao wenyewe. Tawi la madaktari wa wanyama lilifuata mwaka 1969. Leo mazoezi hufanyika kwenye mifupa ya plastiki au kwenye mizoga.

Mkono hujifunza nini pale? Kwanza, joto. Drili butu inayosukumwa kwa nguvu huunguza mfupa, na joto la nyuzi 47 likidumu dakika moja huharibu chembe hai zake. Skrubu iliyowekwa kwenye tundu lililoungua hulegea baada ya wiki chache. Pili, chuma kimoja ndani ya mfupa huzuia kupinda, lakini hakizuii vipande kuzunguka. Tatu, bamba linataka angalau skrubu tatu kila upande wa mvunjiko. Mambo haya husomwa kwa dakika tano, ila kuyatenda huhitaji kurudia mara nyingi. Kwa bahati nzuri, mguu wa mbuzi kutoka buchani, ukikatwa kwa msumeno na kuungwa tena, ni darasa la bei nafuu, na Mwanza haina uhaba wa bucha.

Tatizo kubwa zaidi ni idadi ya wagonjwa. Tuchukue mfano, tarakimu zikiwa za kufikirika. Seti ya vyombo imegharimu Sh6 milioni, na daktari anapata wanyama 10 kwa mwaka. Akitaka kurudisha fedha hiyo kwa miaka mitatu, kila mteja abebe Sh200,000 kabla ya dawa na kazi. Madaktari wanne wa Mwanza, Geita, Musoma na Bukoba wakikubaliana kumpelekea mmoja wao, akapata wanyama 40 kwa mwaka, mzigo huo unashuka hadi Sh50,000. Faida ya pili haimo kwenye hesabu: mkono unaofanya kazi mara 40 kwa mwaka hausahau.

Hivyo mteja ana haki ya kuuliza daktari amefanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi, na kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Bwana mifugo ni msaada mkubwa kwa huduma ya kwanza, lakini kufungua paja si kazi yake.

Kwa mbuzi, uamuzi wa kuchinja ufanywe kabla ya sindano yoyote, na nyama ikaguliwe. Akishachomwa dawa, nyama yake hailiwi hadi muda wa dawa hiyo upite.

Kwa mbwa, fungeni mdomo kwa kitambaa, maana maumivu humfanya amng'ate hata bwana wake, kisha mbebeni juu ya ubao. Msimpe dawa za maumivu za binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni humdhuru mbwa, na panadol huua paka.

Baada ya upasuaji, mfupa wa mbwa mzima huchukua wiki 8 hadi 12, naye akae amefungiwa, hata kama anaonekana amepona. Wengi husahau kuuliza mapema kama bei waliyotajiwa inahusisha picha ya pili ya eksirei na kutoa vyuma.