Tembea Kwa Kasi, Kisha Punguza Mwendo: Zoezi la Nusu Saa kwa Watu Wenye Uzito Mkubwa

Wakazi wengi wa Mashimoni na sehemu nyingine za Kibera hutembea kila siku kwenda kazini Industrial Area, na wenzao wa Kawangware huelekea Lavington na Kilimani. Lakini mwenye kibanda, fundi wa cherehani, mlinzi na dereva wa matatu hukaa kutwa nzima mahali pamoja, na uzito huongezeka polepole bila wao kutambua.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini walikuwa na uzito kupita kiasi. Kwa wanawake idadi hiyo ilikuwa asilimia 38.5, na kwa wanaume 17.5. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha. Uzito mkubwa unachangia presha, kisukari na maradhi ya moyo, na mara nyingi presha haina dalili yoyote hadi siku mtu anapoanguka.

Zoezi lenyewe

Lipo zoezi lisilohitaji gym wala viatu vya bei ghali: kubadilisha mwendo. Tembea kwa kasi kwa dakika tatu, kisha tembea polepole kwa dakika tatu. Rudia mara tano. Hiyo ni nusu saa, na inatosha kufanywa siku nne kwa wiki.

Kasi inayofaa hupimwa kwa mdomo. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kutamka hata maneno machache, punguza. Saa ya simu, hata ya kabambe, inatosha kuhesabu dakika. Asiye na simu anaweza kuhesabu nguzo za stima.

Anayeanza, au mwenye uzito mkubwa sana, asijilazimishe. Kwa wiki mbili za kwanza, dakika moja ya kasi na mbili za polepole, mara sita, ni mwanzo mzuri. Mwenye maumivu ya magoti atafute njia tambarare na aepuke miteremko ya kuelekea mtoni.

Kwa nini kubadilisha mwendo

Mtu mzito akitembea kwa kasi mfululizo huchoka mapema na kukata tamaa. Akipumzika kwa kutembea polepole, moyo hupata nafuu na anaweza kuongeza kasi tena. Mwishowe moyo na misuli huwa vimefanya kazi ngumu kwa dakika 15, jambo ambalo huenda asingeliweza kwa mkupuo mmoja. Wanariadha wa Iten hutumia mbinu kama hiyo wanapokimbia: dakika ngumu, kisha dakika nyepesi.

Nchini Japani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Shinshu walichapisha mwaka 2007 matokeo ya miezi mitano. Watu wa makamo na wazee waliobadilisha mwendo walipata nguvu zaidi za miguu, na presha yao ikashuka zaidi ya waliotembea kwa mwendo mmoja. Mwaka 2013, watafiti wa Denmark waliwafuatilia wagonjwa wa kisukari waliotembea saa moja, siku tano kwa wiki, kwa miezi minne. Waliobadilisha mwendo walipungua uzito na sukari yao ikadhibitika vizuri zaidi.

Pima kwanza

Kabla ya kuanza, kila mtu mwenye uzito mkubwa apimwe presha na sukari. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya kazi wana vifaa hivyo na huwatembelea wakazi nyumbani. Vipimo pia vinapatikana katika vituo vya afya, kama vile Kibera South na Riruta. Mwenye presha ya 180/110 au zaidi aanze matibabu kwanza, zoezi lisubiri. Anayedungwa insulini abebe kitu kitamu, kwa kuwa sukari inaweza kushuka ghafla.

Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi ikikatika hata baada ya kupumzika, acha mara moja na uende hospitalini.

Kwa usalama, tembeeni wawili au zaidi, kukiwa kumepambazuka, na mbali na barabara zenye magari na bodaboda nyingi.

Usitishwe na mizani

Kilo huenda zisipungue upesi, hasa kama soda, mandazi na chipsi vingali chakula cha kila siku. Hiyo haimaanishi zoezi limeshindwa. Kupanda mlima bila kuhema, mshipi unaolegea na presha inayoshuka ni dalili kwamba moyo unapata nguvu, hata kabla mizani haijaonyesha tofauti. Rudi upimwe presha baada ya miezi mitatu, ulinganishe na kipimo cha kwanza.