VYOMBO AO MASOMO: INGINIERI KIJANA AANZIE WAPI?



Mkubwa wetu mmoja, aliyemaliza masomo hapa na kisha kupata diploma ya inginieri wa mekaniki, ameandikia komite yetu barua. Ana mwaka moja tu ku kazi, katika atelie. Anauliza maneno mawili: anunue vyombo gani kwanza, na je, arudi kusoma tena? Franga yake ni kidogo, na mdogo wake nyumbani anangojea minervali. Tuliona kwamba maulizo haya si yake peke yake. Kesho yatakuwa yetu, zaidi sisi wa kalasi ya mwisho. Kwa hiyo tuliuliza walimu, tukafungua vitabu, na tunaeleza hapa tulichopata.

1. Vyombo

Wengi wanafikiri inginieri anajulikana kwa sanduku kubwa la funguo. Sivyo. Funguo na nyundo, atelie iko nazo tayari. Kazi ya inginieri inaanza na kupima. Akse ikizidi kidogo, haiingii katika rulema. Ikipunguka kidogo, inatikisika na rulema inakufa mbele ya wakati. Basi vyombo vya kupima vinunuliwe kwanza.

Cha kwanza ni piyakulisi. Kanuni yake ilielezwa na Mfaransa Pierre Vernier katika kitabu kilichotoka Bruxelles mwaka 1631. Iko hivi. Juu ya late yake ndefu, kila kistari ni milimetri 1. Juu ya kipande kinachoteleza, vistari 50 vinajaza fasi ya milimetri 49. Kwa hiyo kistari kimoja kidogo ni 49 ÷ 50, yaani 0,98 mm, na tofauti yake na kile kikubwa ni 0,02 mm. Ukiona kistari kidogo cha 15 njo kinalingana sawasawa na kimoja cha juu ya late, unaongeza 15 × 0,02, yaani 0,30 mm. Hakuna batri, hakuna umeme. Jicho tu na hesabu.

Cha pili ni palmeri. Inabeba jina la Jean Laurent Palmer, aliyepata breve yake Paris mwaka 1848. Visi yake inasonga 0,5 mm kila ikizunguka mara moja, na ngoma yake imegawanywa mara 50. Basi kistari kimoja ni 0,01 mm.

Lakini chombo bila masomo kinaweza kudanganya mtu. Chuma cha urefu wa metri 1 kinaongezeka karibu 0,012 mm kwa kila digri moja ya joto. Tuseme akse ya kipenyo 100 mm imetoka ku turu ikiwa na digri 50. Vipimo vya mekaniki vinahesabiwa kwa digri 20, basi iko na digri 30 za ziada. Fanyeni hesabu: 0,0012 × 30 = 0,036 mm. Fundi akiipima wakati ule ataona iko sawa. Ikipoa, itakuwa imepunguka mara tatu na zaidi kuliko kistari kimoja cha palmeri. Mikono haikukosa, ni fiziki njo ilisahauliwa.

Na ordinateri? Mwalimu wetu mmoja anasema hiyo njo ya kwanza, juu siku hizi desini zote zinafanyiwa humo. Sisi tunaona inaweza kungoja kidogo, juu ni ya bei nguvu. Wakati wake ukifika, hata ya okazyo itafaa kama iko na memori ya kutosha. Programu ya kuiba si lazima: FreeCAD ni ya bure kwa kuchora, na GNU Octave ni ya bure kwa hesabu.

2. Masomo

Katika inchi yetu, mpango wa LMD ulianzishwa kwa kalasi za kwanza za vyuo vikuu katika mwaka wa masomo 2021-2022: lisansi miaka 3, kisha masta miaka 2. Mwenye diploma ya miaka mitatu, kuendelea kutamsaidia sana. Mwenye kumaliza miaka mitano hana haraka.

Lakini asome nini? Shauri letu ni hili: anunue kaye moja, na kila mashini ikiharibika aandike ni kitu gani kilivunjika na juu ya nini. Kisha mwaka aihesabu. Kama pompe njo zinasumbua mingi, asome mekaniki ya maji na hewa. Kama ni akse kupasuka, asome vyuma na kuchoka kwao. Kama ni komande za umeme, asome otomatiki. Hivi atajua sababu ya kulipa kila franga.

Fasi za kusoma ziko: Politekniki ya Université ya Lubumbashi, mji ambamo chuo kikuu kilianzishwa mwaka 1955, na ISTA ya Kinshasa. Inje, Umoja wa Afrika uliweka Pan African University, na fasi yake ya Tlemcen, katika Algeria, inafundisha mambo ya maji na ya enerji. Mbele ya kuomba bursi, atayarishe karatasi za points zenye muhuri, na ajifunze Kiingereza, juu vitabu vingi vya mashini viko katika lugha hiyo.

3. Jibu letu

Tumemwandikia hivi: mwezi huu piyakulisi na kaye, kisha minervali ya mdogo wako, juu mwaka wa masomo haumngojei mtu, kisha palmeri, kisha weka franga kidogo kidogo kwa ordinateri na masta.

Na ninyi wenzetu, msingoje diploma. Ombeni mwalimu wa fiziki awaonyeshe piyakulisi, na mpime kipenyo cha biki yenu mara tano. Mkipata namba tano za mbalimbali, mujiulize juu ya nini.

Kwa jina la komite,
Kiongozi wa wanafunzi