Kerezo Dogo la Metali: Bei Yake na Ubora Wake

Neno "kukereza" ni la zamani katika lugha ya Kiswahili. Maseremala wa pwani walikereza miguu ya vitanda kwa kutumia upinde na kamba: kamba ilizungusha gogo, na patasi iliyogusishwa juu yake ililikata likawa la mviringo. Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyomo katika kerezo la metali. Kipande cha chuma huzungushwa, na kisu kilichoshikwa imara hukikata polepole mpaka kifikie umbo na kipimo kinachotakiwa. Tofauti ni kwamba mguu wa kitanda hukaguliwa kwa jicho, lakini ekseli inayoingia katika beringi hukaguliwa kwa maikromita.

Makerezo madogo yanayowekwa juu ya meza huuzwa leo kwa watu binafsi katika nchi nyingi. Wanunuzi wake ni watu wanaotengeneza injini ndogo za mfano, vipuri vya saa, au vifaa vya maabara kwa mikono yao. Mnunuzi hukuta mashine mbili zinazofanana kwa picha, na hata kwa vipimo vilivyoandikwa, lakini bei ya moja ni mara kadhaa ya bei ya nyingine. Je, tofauti hiyo ya bei hununua kitu gani? Na je, mtu mwenye akiba ndogo afanye nini? Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo mawili.

SEHEMU ZA KEREZO

Kerezo lina sehemu kuu nne. Ya kwanza ni kitanda, yaani mhimili mzito wa chuma cha kusubu unaobeba sehemu nyingine zote. Juu ya kitanda, upande wa kushoto, kuna kichwa. Ndani yake unazunguka mhimili mkuu wenye kishikio cha taya kinachokamata kipande. Upande wa kulia kuna kichwa cha nyuma, ambacho hutegemeza ncha ya pili ya kipande kirefu. Kati ya vichwa hivyo viwili husafiri gari linalobeba kisu. Gari hilo huweza kuvutwa na parafujo ndefu iliyounganishwa kwa gia na mhimili mkuu, na kwa njia hiyo kerezo huweza kukata nyuzi za parafujo nyingine.

Mwingereza Henry Maudslay alitengeneza kerezo la namna hiyo mjini London mnamo mwaka 1800. Tangu wakati huo siri ya mashine haijabadilika: kitanda kilichonyooka, mhimili usioyumba, na parafujo iliyokatwa kwa usahihi. Mambo hayo matatu ndiyo yanayogharimu fedha.

USAHIHI UNAOTAKIWA

Kabla ya kuzungumzia ubora, yafaa kujua kiasi cha kosa kinachoweza kuvumiliwa. Katika mfumo wa kimataifa wa vipimo vya uhandisi, tundu la kipenyo cha milimita 20 lililo katika daraja la H7 linaruhusiwa kuzidi kipimo chake kwa milimita 0.021 tu. Karatasi ya kawaida ya daftari ina unene wa milimita 0.1 hivi. Kosa linaloruhusiwa, basi, ni kama sehemu moja ya tano ya unene wa karatasi. Ekseli iliyokosewa kuliko hivyo ama haitaingia, ama italegea na kuanza kugonga.

HESABU NDOGO YA KUPINDA

Watu wengi hudhani kwamba chuma hakipindi mpaka kipigwe nyundo. Kwa kweli kila kitu kinachosukumwa hupinda, japo kidogo. Fimbo iliyokamatwa upande mmoja, ikisukumwa kwenye ncha ya pili, hupinda kwa kiasi kifuatacho:

kupinda = F × L³ ÷ (3 × E × I)

Hapa F ni kani inayosukuma, L ni urefu uliojitokeza nje ya kishikio, na E ni moduli ya Young, ambayo kwa chuma cha pua ni takriban nyutoni 200,000 kwa kila milimita mraba. I hutegemea umbo la fimbo; kwa fimbo ya mviringo yenye kipenyo d, ni sawa na πd⁴ ÷ 64.

Tuchukue fimbo ya chuma cha pua yenye kipenyo cha milimita 20, iliyojitokeza milimita 100. Kisu kiisukume kwa kani ya nyutoni 100, ambayo ni sawa na uzito wa kitu cha kilo 10 hivi. Mwanafunzi akifanya hesabu atapata kwamba ncha hupinda kwa milimita 0.021. Kwa kuwa fimbo hukwepa kisu pande zote inapozunguka, kipenyo kitazidi kwa mara mbili ya kiasi hicho, yaani milimita 0.042. Usahihi wa daraja tulilolitaja umekwisha kupotea, na kerezo lenyewe bado halijachangia kosa lolote.

Kipenyo kikipunguzwa kuwa milimita 10, I hupungua mara 16, na fimbo hupinda kwa milimita 0.34. Urefu ukiongezwa maradufu, kupinda huongezeka mara 8. Kanuni hii hutawala mashine yenyewe pia. Mhimili mkuu mwembamba, kitanda chembamba na kishikio dhaifu cha kisu vyote hupinda, na makosa yao hujumlishwa. Tena, kitu kinachopinda hurudi, kikapinda tena, na hapo huzaliwa mtetemo unaoacha mawimbi juu ya chuma. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya kerezo bora ni ukakamavu, na ukakamavu hupatikana kwa chuma kingi kilichowekwa mahali panapostahili.

VIPIMO VINAVYOFANANA, MASHINE ZISIZOFANANA

Kampuni ya Myford, iliyoanzishwa mwaka 1934 huko Beeston nchini Uingereza, ilianza kuuza kerezo lililoitwa ML7 mwaka 1946. Lilikusudiwa wapenda ufundi na karakana ndogo. Kipenyo kikubwa kabisa kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda chake ni inchi 7, yaani milimita 178. Kiwanda cha Beeston kilifungwa mwaka 2011, lakini mashine zake bado zinauzwa na kununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika.

Makerezo madogo ya bei nafuu yanayotengenezwa China kwa wingi yana kipenyo kinacholingana na hicho, milimita 180. Msomaji wa orodha ya bei angeweza kudhani kwamba mashine hizo mbili ni ndugu. Lakini kerezo dogo la bei nafuu lina uzito wa kilo 40 hivi, na ML7 hulizidi uzito kwa mbali. Kipenyo kilichoandikwa humwambia mnunuzi ni kitu gani kitaenea katika mashine. Hakimwambii ni kitu gani kitakatwa vizuri. Katika orodha yoyote ya bei, namba ya uzito yafaa isomwe kabla ya namba ya kipenyo.

BEI HUNUNUA SAA ZA KAZI

Chuma si ghali peke yake. Saa za mafundi ni ghali zaidi. Kitanda kilichosubiwa huwa na mikazo ndani yake, na hakina budi kutulizwa kwa joto au kwa muda kabla ya kuchongwa, la sivyo kitajipinda baadaye. Nyuso zinazosuguana husagwa au kukwanguliwa kwa mkono mpaka zigusane sawasawa. Kisha kila mashine hukaguliwa, na isiyofaa hurudishwa nyuma. Kiwanda kinachotaka kuuza kwa bei ya chini hupunguza kazi hizo kwanza, kwa sababu picha haiwezi kuonyesha kwamba hazikufanyika.

Matokeo yake yanajulikana kwa wanaozitumia mashine za bei nafuu. Mchanga wa kusubia na vipande vya chuma huweza kukutwa ndani ya kichwa. Kingo huwa kali, vibano vya gari hulegea, na gia za plastiki huvunjika kisu kinapokwama. Hata hivyo, mengi ya makosa hayo hurekebishika. Mtu mwenye subira huifungua mashine yote, akaisafisha, akasawazisha vibano, akabadilisha beringi za kawaida kwa zile za koni, na akatia gia za chuma. Mashine ya bei nafuu, basi, ni mashine ambayo haijamalizika, na kazi iliyobaki ni ya mnunuzi. Anayependa kazi hiyo atajifunza mengi. Anayetaka kukata chuma siku hiyo hiyo atasikitika. Ila ukakamavu hauongezeki kwa kusafisha. Kitanda chembamba kitabaki chembamba.

Kerezo bora lililotumika nalo lina hatari zake. Kitanda huchakaa karibu na kichwa, ambako kazi nyingi hufanyika. Aidha, makerezo mengi ya zamani ya Uingereza yana parafujo ya inchi. Parafujo ya ML7 ina nyuzi 8 kwa kila inchi, na ili ikate nyuzi za milimita kwa usahihi kamili yahitaji gia yenye meno 127. Sababu ni kwamba inchi 5 ni sawasawa na milimita 127, na 127 ni namba tasa. Haiwezi kupatikana kwa kuunganisha gia ndogo zaidi.

KUPIMA KABLA YA KULIPA

Mwaka 1927 Georg Schlesinger, profesa mjini Berlin, alichapisha kitabu cha vipimo vya kukagulia mashine kabla hazijapokewa na mnunuzi. Wazo lake lilikuwa jepesi: sifa za mashine zithibitishwe kwa kipimo, wala si kwa maneno ya muuzaji. Mnunuzi wa kerezo dogo aweza kulifuata wazo hilo kwa vifaa vichache.

Kwanza, geji ya saa igusishwe ndani ya tundu la mhimili mkuu, na mhimili uzungushwe kwa mkono. Mshale ukicheza zaidi ya milimita 0.01 au 0.02, mhimili au beringi zina kasoro.

Pili, fimbo nene ikamatwe katika kishikio, na isukumwe kwa mkono huku geji ikiiangalia. Mshale usiporudi ulipokuwa, kuna ulegevu mahali.

Tatu, fimbo yenye kipenyo cha milimita 30 hivi ikerezwe bila kutegemezwa, kwa tabaka jembamba sana, kisha ipimwe karibu na kishikio na karibu na ncha. Vipenyo viwili vikitofautiana, kichwa hakiko sambamba na kitanda, au kitanda kimejisokota kwa sababu ya meza isiyo sawa. Fimbo nene huchaguliwa ili kupinda kwake kusichanganywe na kosa la mashine.

Nne, uso wa kisahani ukatwe, na rula iliyonyooka iwekwe juu yake. Kubonyea kidogo katikati huruhusiwa. Kuvimba hakuruhusiwi, maana uso uliovimba utayumba ukikutanishwa na mwingine.

Tano, kwa mashine iliyotumika, vibano vya gari vikazwe karibu na kichwa, kisha gari lisogezwe hadi mwisho wa kitanda. Likikwama, kitanda kimechakaa upande wa kichwa.

GHARAMA ZISIZOANDIKWA

Kerezo pekee halikati kitu. Lahitaji visu, jiwe la kunolea, vishikio vya ziada, keekee, maikromita, venia na geji ya saa. Mara nyingi jumla ya vitu hivyo hukaribia bei ya kerezo lenyewe. Anayetumia akiba yake yote kununua mashine atakuwa na mashine nzuri iliyolala. Umeme nao uangaliwe. Mashine kubwa za viwandani huweza kuuzwa kwa bei ndogo, lakini nyingi zahitaji umeme wa njia tatu, ambao nyumba za kawaida hazina. Mashine iliyotengenezwa kwa volti 110, kama nyingi za Marekani, haifai kuunganishwa moja kwa moja na umeme wa Kenya au Tanzania.

Kuna jambo moja ambalo halipimwi kwa fedha, nalo ni usalama. Kinga ya kishikio, miwani, na swichi ya kuzimia kwa haraka havipaswi kupunguzwa ili bei ishuke. Mikono mirefu ya shati, tai na nywele ndefu hunaswa na mhimili unaozunguka, na ufunguo ulioachwa katika kishikio hurushwa kama jiwe. Kerezo dogo halina huruma zaidi ya kubwa.

UAMUZI

Watu husema kwamba cha rahisi ni ghali. Kuhusu kerezo, kauli hiyo ni kweli nusu. Anayekereza shaba na alumini, vipande vifupi, kwa muda wake wa mapumziko, aweza kufanya kazi safi kwa mashine ya bei nafuu, mradi anoe kisu vizuri, akate tabaka jembamba, na aitegemeze kila fimbo ndefu kwa kichwa cha nyuma. Anayekusudia kukereza ekseli za chuma cha pua kila siku hana budi kununua uzito na ukakamavu, hata kama ni katika mashine iliyotumika ambayo ameipima.

Kwa mwanafunzi kuna funzo la zaidi. Anayeanza ufundi juu ya mashine mbovu asiyoijua huamini kwamba mikono yake ndiyo mibovu, na wengi huiacha kazi wakati huo. Anayejua kupima huweza kutenga kosa la mashine, kosa la kipande na kosa lake mwenyewe. Kwa sababu hiyo geji ya saa, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kerezo, yafaa inunuliwe kwanza.