Duma: Giza Yetu Iliwakia Kampala

Mountain View, mtaa wetu hapa Nai, ikifika saa tatu usiku inanyamaza ka kanisa Jumatatu. Hiyo ndo ilitumaliza. Tulikuwa wasee wanne, gitaa mbili, besi ya kuazima, na drams zimesongeshwa kwa garaji ya mathee nyuma ya gari iliacha kutembea kitambo. Tukianza kuchapa, mabati inatoa sauti yake kando, mbwa za korti nzima zinajibu, halafu soja anakuja kugonga geti na rungu akisema majirani wamepiga simu. Mama mmoja wa maombi alituuliza usoni kama tumejiunga. Hakusema tumejiunga na nini, na hakukuwa na haja. Mtu amekua Kenya anajua. 1994 Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza kuabudu shetani, ripoti ikatoka 1999, na hiyo uoga bado imekaa kwa sitingrumu mingi sana.

Bendi yetu ilidumu mwaka moja na nusu. Mpiga drams akapata job Mombasa, besi ikarudi kwa mwenyewe, tukaisha. Hakuna mtu aliandika, hakuna mtu alilia. Ndo maana nikibonga kuhusu Duma nabonga kama msee ashaibeba ampu kwa mgongo kutoka steji, na anajua ile kitu walifanya haikuwa rahisi.

Duma ilikuwa ya wasee wawili, Martin Khanja, ule tunamjua kama Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Wote walitoka kwa metali ya chini ya maji hapa Nai, kwa bendi mbili tofauti, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. 2019 wakapatana wakaanza yao. Na cheki hilo jina. Mtu wa Kiswahili akiskia duma anaona ule mnyama wa mbio. Mkikuyu anaskia nduma, giza, na hivo ndo wao walimaanisha. Halafu huyo huyo Mkikuyu, ukigeuza sauti kidogo tu, anaona nduma ya kuchemshwa kando ya chai ya asubuhi. Mimi naskianga zote tatu nikiwacheza. Mbio iko, giza iko, na kwa ndani kabisa kuna kitu ya home.

Sam aliwacha besi akashika gitaa na mashine. Mpiga drams hawakuwa naye. Kama hujawahi kuwa kwa bendi hii inaweza kukupita, lakini Nai kitu inauanga bendi ya roki mara mingi ni drams. Zinataka chumba, na chumba ni ganji. Zinataka kusafiri, na ukisimamisha mat ya Kangemi ukiwa na ile dram kubwa ya miguu, kondaa anaihesabu ka abiria wawili na hacheki. Tulikuwa tunamaliza fare ya wiki kuenda shoo moja Westi. Sasa hawa wawili wakafunga hiyo mlango kabisa. Dundo yote ikatoka kwa mashine, ikakimbia spidi hakuna mkono wa binadamu inaweza fika, gitaa ikawa ka msumeno, na juu yake sauti ya Spikeheart. Hiyo nduru yake haibebwi na koo peke yake. Ukijaribu na koo tupu, siku ya pili huwezi itisha hata maji. Nguvu yake inatoka kwa tumbo, inasukumwa na pumzi, na inataka mazoezi ka ya mtu wa mbio ndefu. Kitu watu wanaita kelele ni kazi ya mwili.

Lakini hiyo albamu haikurekodiwa Nai. Waliirekodi Kampala, kwa studio ya Nyege Nyege, miezi tatu katikati ya 2019. Nyege Nyege ni ile mbogi ya Uganda ilianzisha tamasha kubwa kule Jinja 2015, halafu wako na lebo ya mziki yenye iko tayari kuskiza kitu haina jina bado. Hii huniuma, na nitaisema vile iko. Sisi ndo tuko na majumba marefu, tuko na maredio, tuko na pesa ya matangazo, na wasee wawili wetu ilibidi wavuke mpaka ndo wapate chumba mtu atawaambia, pigeni tu, hakuna mtu anagonga geti.

Albamu inaitwa Duma tu, na ilitoka Agosti 2020. Mnakumbuka hiyo Agosti. Kafyu ilikuwa inaanza saa tatu usiku, makarao wamejaa Waiyaki Way, baa zimefungwa. Niliiskia mara ya kwanza nikiwa nimelala chini kwa sakafu ya ile garaji, iafoni kwa maskio, taa imezimwa. Sikumaliza hiyo siku. Ilinishinda. Nikairudia kesho yake, nikafika mwisho, na nikaketi hapo nikitetemeka mikono, juu ilikuwa inasound vile mji wote ulikuwa unaskia ndani na hakuna mtu alikuwa ameweza kuisema. Watu wa nje waliishika mbio. Hadi Sub Pop wakawatolea ngoma, ile lebo ya Seattle ilitoa albamu ya kwanza ya Nirvana 1989. Spikeheart naye akawa anaingia kwa kazi za wengine, ka ile albamu Tewari ya Mjapani anaitwa Scotch Rolex, 2021.

Halafu Duma ikavunjika. Wasee wawili wakawa mmoja mmoja.

Bendi ya wanne ikikosana, kuna wawili wa kupatanisha. Bendi ya wawili haina katikati. Ni ka kubeba sofa ngazi, mmoja akiachilia imeanguka. Nimeskia wasee wakiteta, ati ilikuwa mapema, ati albamu moja haitoshi. Mimi siteti. Duma yenyewe ilijengwa na wasee wametoka kwa bendi zingine, na kama hao wawili wangeng'ang'ania mahali walikuwa, hiyo Agosti nisingekuwa na kitu ya kuskia. Kile naona ni hatari ni hii mji haiwekangi kumbukumbu. Bendi inaishi Nai, inalipwa soda mbili na soo tatu za fare (sisi tulilipwa hivo, usiku mmoja, na klabu ilikuwa imejaa), halafu inazimika na hakuna mahali utaenda kuiulizia.

Aprili 2024 Spikeheart alitoa albamu yake ya solo, The Adept, kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu. Na hiyo ndo ilifika kwa mathee.

Mathee ni wa Nyeri. Hizi miaka zote alikuwa anaita mziki yangu vita. Siku moja nikiicheza kejani akaingia kuniambia nipunguze, nikamwambia ngoja kwanza, hii albamu huyu chali amempea nyanyake mkuu, Muthoni wa Kirima. Akasimama hapo mlangoni. Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee alipewa cheo ya Field Marshal kwa Mau Mau, akakaa msituni hadi uhuru 1963. Ule alikaa na rasta zake miaka karibu sabini, hadi 2022 akaamua zikatwe, na Mama Ngina Kenyatta ndo alishika makasi. Mathee aliicheki kwa tivii hiyo siku, na nakumbuka alilia. Muthoni aliaga mwaka uliofuata, Septemba.

Akauliza, huyu anapiga nduru hivi ni wa kwao? Nikamwambia eeh. Akavuta kiti, akaketi na kanga yake begani, akaniambia niirudishe mwanzo.