Ngoma za Kampala zinazozunguka dunia, jirani hazijui

Kampala. Mfanyabiashara anayeingia Kampala kwa barabara ya Mutukula na Masaka huziona ngoma kabla hajauona mji. Pale Mpambire, wilayani Mpigi, ngoma zimepangwa kando ya lami: kubwa za kukumbatiwa kwa mikono miwili, ndogo za watoto, na zile ndefu nyembamba zinazofika kiunoni. Wengi hupita wakiwaza bei za Kikuubo. Wachache husimama, wakanunua moja ya zawadi na kuendelea na safari.

Wasichojua wengi ni kwamba ngoma za aina hiyo hiyo, zikipigwa na vijana wa Kampala, zimekuwa zikijaza kumbi za usiku na matamasha ya Ulaya. Bendi inayofanya hivyo inaitwa Nihiloxica. Ukilitaja jina hilo Busia, Arusha au Goma, huenda ukaulizwa ni dawa ya ugonjwa gani.

Hapo ndipo penye kitendawili. Bidhaa imetengenezwa Afrika Mashariki, kwa malighafi ya Afrika Mashariki, na mteja wake mkubwa yuko ng'ambo. Jirani wa kutoka Nairobi, Kigali au Mwanza hajaionja. Na kila ikitaka kumfikia mteja huyo wa mbali, inakutana na jambo ambalo mfanyabiashara wa mpakani halijui kwa kusimuliwa: fomu, muhuri, ada na kusubiri.

Bendi ilivyozaliwa

Nihiloxica ilianza mwaka 2017. Upande mmoja walikuwapo wapiga ngoma wa Nilotika Cultural Ensemble, kikundi cha Kampala kinachopiga ngoma za Buganda na za makabila mengine ya Uganda. Upande wa pili walikuwapo Waingereza wawili wanaojulikana kwa majina ya jukwaani: Spooky-J, mpiga dramu, na pq, anayecheza vinanda vya umeme. Miongoni mwa wapiga ngoma waliojenga sauti ya bendi ni Henry Isabirye, Jamiru Mwanje na Alimansi Wanzu Aineomugisha.

Muziki wao hauna mwimbaji wa mbele wala kibwagizo cha kuimbwa na umati. Ni ngoma na mashine. Asiyeuzoea husikia kelele kwa dakika ya kwanza. Akivumilia, anaanza kutambua kwamba kila ngoma ina kazi yake, kama watu wa soko moja.

Empuunyi ndiyo inayoshika mwendo. Sauti yake ni nzito na hairukiruki. Wengine wote huitegemea. Embuutu, ngoma kubwa, hubeba mdundo mkuu wenye maneno mengi. Nankasa ni ndogo, hupigwa kwa vijiti, na sauti yake kali hukata juu ya nyingine. Engalabi ni ile ndefu, hupigwa kwa viganja, na aghalabu ndiyo inayotoa mbwembwe mcheza ngoma anapofika kilele. Juu ya hizo, vinanda vya umeme huongeza ngurumo za tekno, muziki wa mashine uliozoeleka katika kumbi za Ulaya.

Kaseti yao ya kwanza ilitolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ikafuata Biiri mwaka 2019, kisha albamu kamili, Kaloli, mwaka 2020, iliyotolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji.

Aliyewahi kushusha mzigo Owino anaijua kaloli. Ndilo jina la Kiganda la korongo yule mkubwa mwenye upara anayetembea juu ya majalala ya Kampala kama ofisa wa ukaguzi. Majina ya nyimbo nayo yametoka mtaani. Moja inaitwa Tewali Sukali, yaani hakuna sukari. Nyingine ni Black Kaveera, mfuko mweusi wa plastiki. Ule ule ambao Kenya iliupiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na ambao umewaponza wasafiri wengi waliousahau ndani ya begi.

Kazi ya mpiga ngoma

Ngoma katika Buganda ilikuwa na mwajiri mkubwa: ikulu ya Kabaka. Wapigaji walitoka katika koo maalumu na zamu zao zilijulikana. Mei 1966 jeshi la serikali lilipoishambulia ikulu ya Mengo, Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia uhamishoni na wanamuziki wa ikulu wakatawanyika. Mwaka uliofuata falme zilifutwa. Ziliporudishwa mwaka 1993, umri wa mtu mzima ulikuwa umepita.

Katika muda huo ngoma haikufa, ila ilibadilisha mwajiri. Ikaingia mashuleni, makanisani na katika vikundi vya maonyesho. Ndere Troupe, iliyoanzishwa mwaka 1984 na Stephen Rwangyezi, ilikusanya ngoma za makabila mbalimbali jukwaa moja, na kituo chake cha Ntinda hadi leo ndicho kinachowapokea watalii wengi wanaotaka kuziona.

Kwa mpiga ngoma wa kawaida wa Kampala, hata hivyo, mkate wa kila siku unatoka kwenye kwanjula, ile sherehe ya bwana harusi kutambulishwa ukweni, na kwenye harusi zenyewe. Kikundi hukodiwa kwa siku, hulipwa, hugawana. Msimu ukiwa mzuri, wikendi moja ina kazi mbili au tatu. Msimu ukiwa mbaya, kijana huendesha boda boda au huuza duka la mtu.

Ubovu wa kazi hiyo ulionekana wazi Machi 2020. Uganda ilifunga baa, kumbi na mikusanyiko kwa sababu ya Uviko-19, na shughuli za usiku hazikuruhusiwa tena hadi Januari 24, 2022. Karibu miezi 22 bila jukwaa. Mwenye duka la nguo angalau aliweza kuuza kwa simu. Mwenye engalabi angeuza nini? Albamu ya Kaloli ilitoka katika mwaka huo huo wa kufungwa, bendi ikiwa haina jukwaa la kuichezea nyumbani.

Jina lenye utata

Kuieleza Nihiloxica bila kuitaja Nyege Nyege haiwezekani, ingawa jina lenyewe linahitaji maelezo kwa msomaji wa Kiswahili. Waanzilishi wake wanasema katika Kiganda ni ile hamu ya ghafla inayomkamata mtu akasimama kucheza. Katika Kiswahili neno hilo halisemwi mbele ya wakwe.

Tofauti hiyo ya maana imeleta zogo la kweli. Tamasha la Nyege Nyege lilianza mwaka 2015 kandokando ya Mto Nile, eneo la Jinja. Septemba 2018 aliyekuwa Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, sasa marehemu, alilipiga marufuku akidai linaharibu maadili. Baada ya mvutano wa siku chache likaruhusiwa. Mwaka 2022 Bunge likalijadili upya, na serikali ikaliruhusu kwa masharti. Kwa wenye hoteli, wapika vyakula, waendesha boda boda na wauza vinywaji wa Jinja, mvutano huo haukuwa wa maadili peke yake. Ulikuwa wa mauzo ya siku nne yanayoweza kupotea.

Nje ya zogo hilo, lebo ya Nyege Nyege Tapes imefanya kazi ambayo wanasiasa wa jumuiya huizungumzia zaidi kuliko kuifanya. Mwaka 2017 ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, Dar es Salaam. Mwaka huo huo ikatoa muziki wa Otim Alpha, aliyezichukua nyimbo za harusi za Waacholi na kuzipigia kwa kompyuta. Mwaka 2020 ikatoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi wanaopiga muziki wa chuma wenye mayowe. MC Yallah, mwenye asili ya Kenya na aliyekulia Uganda, anarap kwa Kiganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza katika albamu zilizotoka chini ya mwavuli huo. Rey Sapienz, mtayarishaji kutoka Kongo, ameifanya Kampala kuwa kambi yake.

Kwa maneno mengine, Kampala imekuwa bohari. Sauti za Mburahati, Gulu, Nairobi na mashariki mwa Kongo zinakusanywa hapo, zinafungashwa, kisha zinasafirishwa. Tatizo ni kwamba lori linaelekea upande mmoja tu.

Foleni ya viza

Mwaka 2023 Nihiloxica ilitoa albamu ya pili, Source of Denial. Mada yake ni viza. Bendi inalalamikia mfumo wa uhamiaji wa Uingereza na wa nchi nyingine tajiri, unaomtaka mpiga ngoma wa Kampala athibitishe kila mara kwamba atarudi kwao. Kati ya midundo zinasikika sauti za mashine zenye lugha baridi ya fomu na ofisi.

Katika bendi moja, baadhi ya wanachama wanapita uwanja wa ndege kwa pasi zao, na wengine wanapeleka taarifa za benki, barua za mwaliko na alama za vidole. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90, na hairudishwi ombi likikataliwa. Wapiga ngoma wanne wanahitaji yuro 360 kabla hata tiketi haijakatwa. Jibu likichelewa, onyesho linafutwa, na aliyefuta halipi. Ni hesabu ile ile ya mwenye nyanya anayezuiliwa mpakani hadi zimeoza: karatasi inaweza kupatikana kesho, lakini mali ilikuwa ya leo.

Nyumbani ni rahisi zaidi, kama wengi wangejaribu. Tangu 2014 raia wa Uganda huvuka kwenda Kenya na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayofanya kazi tangu Julai 1, 2010, inataja huduma pamoja na bidhaa, na onyesho la muziki ni huduma. Sheria ya forodha ya jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu vifaa kuingia kwa muda, kwa dhamana, na kurudishwa ndani ya miezi 12; ndiyo njia ya kupitisha vinanda na spika bila kulipiwa kama bidhaa.

Vikwazo havijaisha. Tanzania bado hudai pasi au hati ya muda ya kusafiria, na msanii wa nje hupita kwanza Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, kuomba kibali. Hata hivyo hakuna mpaka wa jumuiya unaomtaka mpiga ngoma aonyeshe taarifa za benki za miezi sita.

Kwa anayetaka kuuza ngoma zenyewe

Mafundi wa Mpambire huuza kwa yeyote anayesimama, na baadhi ya wasomaji wa gazeti hili wamekwisha kuona nafasi hapo. Shule, makanisa na vikundi vya ngoma katika nchi jirani huzitaka. Mambo mawili yafaa kujulikana.

La kwanza ni utaratibu rahisi wa biashara ndogo. Shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, iliyotengenezwa ndani ya jumuiya na iliyomo katika orodha iliyokubaliwa, hupata cheti rahisi cha uasilia hapo hapo mpakani. Kabla ya kununua, uliza dawati la taarifa za biashara kama ngoma ziko katika orodha ya mpaka unaotumia.

La pili ni ngozi. Embuutu, empuunyi na nankasa huwambwa kwa ngozi ya ng'ombe. Engalabi ya asili huwambwa kwa ngozi ya kenge, na kenge wa Nile yumo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES. Kumvusha kibiashara, hata akiwa ngozi juu ya ngoma, kunahitaji kibali. Anayebeba engalabi kumi bila karatasi anaweza kuzipoteza zote na kufunguliwa kesi juu yake. Muulize fundi ngozi ni ya nini kabla ya kulipa.

Kuhusu muziki wenyewe, soko la karibu bado liko wazi. Basi la usiku kutoka Kampala hufika Nairobi asubuhi, na nauli ya wapiga ngoma wanne haifikii ada ya viza zao za Ulaya. Mwenye ukumbi Kisumu, Eldoret au Bukoba anayetafuta kitu ambacho jirani yake hana, anaweza kukipata bila kupanda ndege. Kinachokosekana ni mtu wa kati anayezijua pande mbili za mpaka, anayejua bei, na anayeaminika kulipa. Kazi hiyo wafanyabiashara wa mpakani wamekuwa wakiifanya kwa mahindi, vitenge na vipuri kwa miaka mingi.